Mkono wa Kushoto wa Con Shanahan

Con Shanahan alikuja kwa mlango wa nyuma Jumamosi ile jioni, kofia mkono mmoja, na mkono wa pili ameuficha ndani ya koti. Nilijua papo hapo kwamba ameumia tena. Mtu mwenye mikono mizima haingii nyumba ya watu amejikunja upande.

"Utoe," nikamwambia.

"Nitoe nini?"

"Con, usinichezee. Huo mkono."

Akautoa. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba hadi viungo havionekani, ukucha umegeuka mweusi, na kile cha jirani yake kimepinda kuelekea kule ambako vidole haviendi. Sikupiga kelele. Nilivuta beseni, nikamimina maji ya kisima, nikaongeza chumvi ileile tunayowekea kabichi, nikaushika mkono wake na kuuzamisha. Akafumba macho kwa maumivu. Alikuwa na kope ndefu mno kwa mwanamume, na mimi, Mungu anisamehe, hata katika hali ile nilizitazama.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mdakaji wa Wekundu wa Mill Ferry, timu ya kwanza ya besiboli katika bonde letu la Mohawk kuwalipa wachezaji wake mshahara kama mafundi. Mrushaji anausukuma mpira kutoka chini ya kiuno kwa nguvu zake zote, mpigaji anausubiri na gongo lake, na nyuma ya mpigaji anasimama mtu mmoja wa kuudaka ukimpita. Siku zile aliudaka kwa mikono mitupu. Ndivyo wanaume walivyotaka iwe. Mdakaji mwenye vidole vilivyopinda alinunuliwa bia kila anakoingia, na mwenye vidole vilivyonyooka aliulizwa kama kweli huwa anacheza.

"Vaa glavu," nikasema.

Akacheka huku meno yameumana. "Tilli, nyumba yenu nzima inanuka glavu, lakini si kila ugonjwa duniani dawa yake ni glavu."

"Huu dawa yake ni glavu."

"Jukwaa litanizomea mpaka Albany wasikie. Glavu ni za mabibi wanaokwenda kanisani."

Kuhusu nyumba yetu hakukosea. Baba yangu, August Riedel, alikuwa na karakana ya glavu za kike ng'ambo ya ua, na hakuna aliyekata ngozi kama yeye katika mji wetu. Tangu utotoni nilishona glavu za wanawake wa mijini ambao sikuwahi kuwaona, wanawake ambao mikono yao ilishika kikombe, mwavuli na mkono wa mume, basi. Jina langu ni Ottilie, lakini Con hakuwa na subira ya kulimaliza.

Tulikuwa bado tumeinama juu ya beseni, paji langu karibu liguse lake, Baba alipoingia. Hakubisha hodi, maana jiko lilikuwa lake. Kwa miezi mingi alikuwa amemvumilia Con kwa kujifanya hamwoni. Jioni ile alivuta kiti, akaketi, akanyoosha kiganja.

"Lete."

Con akanitazama, kisha akautoa mkono kwenye maji na kumpa. Baba akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha taratibu, vile anavyogeuza ngozi akitafuta tundu kabla hajainunua.

"Hiki?"

"Mwaka jana, mzee."

"Hiki?"

"Leo."

"Na gumba?"

"Gumba bado, Mzee Riedel."

"Bado," Baba akarudia. Akauweka mkono mezani. "Sikiliza, kijana. Wewe ni Mwairishi na unasali kwa Papa. Hilo halinipendezi, sitakudanganya. Dada yangu Walburga hatapata usingizi wiki nzima. Lakini hilo ningelimeza. Huu mkono siwezi kuumeza. Mimi nimeishi kwa mikono, naijua inavyozeeka. Huu, misimu michache tu, hautaweza hata kufunga kifungo. Nani atawalisha wajukuu wangu?"

"Nitawalisha mimi."

"Kwa kitu gani? Kwa miguu?"

Nilitaka kuingia kati, Baba akaniinulia kidole bila kunitazama.

"Kuna meza tupu katika chumba cha kukatia," akaendelea. "Acha mchezo, uje ujifunze kazi, na hayo mengine tutazungumza kama watu. Ama endelea na mchezo wako, na mlango huu uusahau."

Con aliutazama mkono wake pale mezani. Maji ya chumvi yalimdondoka kwenye magoti. Nilimwombea akubali, na palepale nikamwombea asikubali, kwa sababu nilimjua.

"Mzee, nakushukuru kwa meza," akasema mwishowe. "Lakini nikiwa pale nyuma ya mpigaji ndipo ninapojua mimi ni nani. Ukinitoa pale, utakuwa umemwoza binti yako kwa mtu mwingine."

"Basi umeshanijibu."

Con akasimama. Alinitupia jicho moja ambalo lilinikaa moyoni siku zote zilizofuata, jicho la mtu anayefunga safari asiyotaka kwenda. Kisha akatoka, kofia hajaivaa.

"Mimi hukuniuliza, Baba," nikasema mlango ulipofungwa.

"Sikukuuliza, ndiyo."

"Basi nakwambia bila kuulizwa. Nitaolewa na yule, mchezo hatauacha, na mkono wake hautavunjika tena."

Baba akanitazama kwa uchovu. "Mambo matatu kwa mpigo. Marehemu mama yako alikuwa hivyohivyo."

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo katika nyumba ya Kilutheri kama yetu hata kifungo kilichokatika hungoja Jumatatu. Baada ya chakula Baba alilala, na mimi nikavuka ua kwenda karakana, nikajifungia. Nilichagua ngozi ya paa, nene kidogo kuliko tunazotumia, nikailoweka katika chai na maji ya magome ya mwaloni hadi ikapata rangi ya mkono wake, ile rangi ya mtu aliyepigwa na jua kutoka masika hadi vuli. Nilitaka akiivaa, mtu wa jukwaani asione glavu, aone mkono tu. Kipimo sikuwa nacho. Lakini mkono ambao umeushika mara nyingi, ukauosha na kuufunga vitambaa, hauhitaji kipimo.

Nilikata vidole nusu ili ncha zake zibaki wazi. Kiganja nilikiwekea ngozi mara mbili, katikati nikatia kitambaa cha sufu. Nilishona kwa kasi, sindano inakwenda yenyewe, na hapo ndipo nilipokosea, ingawa sikujua. Mikono yangu ilizoea kazi moja tu maishani.

Mlango ukasukumwa. Nilikuwa nimesahau kwamba kufuli lile halishiki. Shangazi Walburga alisimama pale na kitabu chake cha sala, akaitazama glavu, akanitazama mimi.

"Leo Jumapili, Ottilie."

"Najua, Shangazi."

"Ni ya yule Mwairishi."

"Ni yake."

Akasogea, akaishika, akauvuta mshono kwa kucha. Nilijiandaa kwa hotuba. Shangazi Walburga aliweza kuhubiri kuanzia supu mpaka kahawa bila kukohoa.

"Sikuona kitu," akasema. "Lakini huo uzi ni mwembamba. Kule juu kuna uzi wa nta, wa kushonea viatu." Akatoka, akarudi kuchungulia. "Na kama akibatizwa upya sitalalamika."

*

Jumamosi timu ya Albany ilipokuja kucheza, nilitangulia uwanjani kabla watu hawajajaa. Nilimkuta Con nyuma ya kibanda cha wachezaji, anafunga kidole kwa kitambaa akitumia meno. Aliponiona uso wake ulinyanyuka, kisha akaushusha mwenyewe.

"Baba yako anajua uko hapa?"

"Sikuja na ruhusa ya Baba. Shika."

Akaipokea, akaigeuza. "Ni nini hiki?"

"Mkono wako. Nimekutengenezea mwingine juu ya huo."

Aliiweka kando ya mkono wake, akaona rangi, na kwa mara ya kwanza wiki ile niliona tabasamu lake likichungulia. Akaivaa nusu. Ilimkaa. Akakunja vidole, akavikunjua, na mimi nikadhani yamekwisha. Kisha sauti ya Rafe Tolliver ikasikika upande wa pili wa kibanda. Rafe ndiye alikuwa mrushaji wao, mtu mkubwa, mcheshi, mwenye kauli ya kukata. Con akaivua haraka kama mtu aliyefumaniwa.

"Tilli, siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Rafe akiona hii, jina langu litabadilishwa kabla jua halijazama."

"Rafe ndiye atakayekufungia vifungo ukizeeka?"

"Wewe hujui. Watasema nimeogopa."

"Na umeogopa kweli."

Akasimama wima. "Umesemaje?"

"Umeogopa, Con. Mpira huuogopi, hilo nalijua na mji mzima unalijua. Unawaogopa wanaume wanaokutazama."

Masikio yake yalibadilika rangi. Sikuwahi kumwona amenikasirikia kabla ya siku ile, na iliniuma, lakini nilikuwa nimekwisha kukata shauri na sikurudi nyuma.

"Wewe na baba yako mna njia moja," akasema polepole. "Yeye anataka niache mchezo. Wewe unataka niucheze kama mwanamke."

"Baba amekukataa kwa sababu ya mkono. Mimi ningeolewa nawe hata ungekuwa huna mikono kabisa."

"Basi tatizo lako nini?"

"Tatizo langu ni kwamba unayo. Unayo, na unaitupa mbele yangu kila Jumamosi ili watu wasiojua hata jina la mama yako wakupigie makofi. Nimechoka kukuwekea chumvi. Ukidaka leo mikono mitupu, usije tena mlangoni kwetu. Si kwa ajili ya Baba. Mimi ndiye nitakayekufungia."

"Hutaweza, Tilli."

"Nitalia, halafu nitaweza."

Nikaisokomeza glavu ndani ya mfuko wake wa suruali, nikaondoka. Nilitembea vizuri mpaka kona ya ua, nikashika nguzo. Huko nyuma sikumsikia akiniita.

*

Jukwaa la wanawake lilikuwa na paa la turubai, na Shangazi Walburga alikuwa tayari ameshatawala nafasi mbili kwa mayai ya kuchemsha na mkate wake. Timu zilipokuwa zikipasha miguu moto, nikahisi ubao chini yangu umepokea mzigo. Baba alikuwa ameketi kando yangu na kofia yake ya kanisani. Hakuwa amewahi kukanyaga pale.

"Umekuja kutazama mchezo, Baba?"

"Nimekuja kutazama mkono."

Con akatoka kibandani. Nilitazama mkono wa kushoto kabla sijatazama uso. Mkono ulikuwa mtupu, umefungwa kile kitambaa chake kichafu tu.

Nisieleze sana nilivyojisikia. Niliiweka mikono yangu miwili mapajani, nikajiambia kwamba sitalia mbele ya Baba. Kila mpira uliopita gongo ulitua kwenye nyama, na sauti yake niliijua, ile sauti butu ya kofi zito. Kila ukitua, mabega ya Con yaliruka kidogo, halafu akatulia. Watu walimpigia makofi. Baba hakupiga.

Mchezo ulikwenda hivyo, Wekundu wakapata alama, Albany wakarudisha, Wekundu wakaongeza moja. Katikati ya mchezo Rafe akarusha mpira uliopinda, mpigaji akaugusa pembeni kidogo tu, nao ukabadili njia. Nilimwona Con akiinama. Alipoinuka kitambaa kilikuwa chekundu.

"Kingine," Baba akasema kwa sauti ya chini.

Con akaenda kwenye ndoo ya maji akatugeuzia mgongo. Alikaa pale muda mrefu. Aliinua uso mara moja tu kuelekea kwetu, akanitafuta, akanipata. Sikumpungia, sikutabasamu. Nilimtazama tu kwa moyo wangu wote. Akainama tena, kisha akachota vumbi, akasugua mikono, akarudi mahali pake.

Kwa mbali ulionekana mkono, basi. Lakini mpira uliofuata ulipotua, sauti ilikuwa nyingine. Ilikuwa kavu, safi, na mabega yake hayakuruka.

Baba akageuza shingo polepole kunitazama. Mtu aliyezeeka na ngozi hawezi kudanganywa na sauti yake. Nikakaza macho uwanjani. Shangazi akanipa yai.

"Kula," akasema. "Uso wako unatoa siri."

Hakuna mwingine aliyegundua mpaka duru ya mwisho. Albany walikuwa wamebakiwa na mpigaji mmoja tu wa kuwaokoa, na mwenzao amesimama kituo cha tatu, hatua chache kutoka kituo cha mwisho, kile cha mpigaji kinachoitwa nyumbani, akisubiri kuleta alama ya kusawazisha. Mpigaji alikuwa amekosa mara mbili. Aliomba mpira wa juu, kama ilivyokuwa haki ya mpigaji siku zile, Rafe akajiandaa, na Con akanyanyua mikono kuusubiri.

Jua likapiga kwenye kifundo cha mkono wake, kitu kikametameta.

Nilikuwa nimeshona kifungo. Katika karakana yetu kila glavu inayotoka hushonwa kifungo kidogo cha ganda la chaza kwenye kifundo, na mimi kwa mazoea, katikati ya haraka ya Jumapili ile, nilikishona bila hata kufikiri. Rangi nilikuwa nimeificha, mshono nimeuficha, halafu nikamwekea mpenzi wangu pambo la bibi harusi.

Nahodha wa Albany alikuwa amesimama karibu. "Mwamuzi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani, "mwombe mdakaji atuoneshe mkono wake wa kushoto. Naona kitu cha thamani."

Hakuna sheria iliyokataza glavu, na mwamuzi alilijua hilo. Lakini Con alikwisha kuinua mkono. Kisha mtu mmoja upande wa bia akasema, "Ana kifungo," na kicheko kikaanza kule na kuzunguka uwanja mzima.

"Dada Shanahan, mwavuli wako uko wapi?"

"Mleteeni na chai!"

"Muulizeni anaolewa lini!"

Rafe Tolliver aliacha mahali pake akamwendea. Sikusikia yote, lakini Rafe hakujua kunong'ona.

"Ivue, Con."

Con akakung'uta vumbi magotini.

"Ivue, bwana, unatuaibisha. Tukishindwa, bora tushindwe kama wanaume."

Con akautazama mkono wake. Kisha akainua macho kwenye jukwaa letu, na nikaona anahangaika kunipata kati ya kofia zote zile za wanawake. Nikasimama.

"Kaa chini," Baba akasema.

"Sikai."

"Ottilie, watu wanatazama."

"Watazame."

Nilisimama peke yangu chini ya turubai, na watu wakaanza kunigeukia mmoja mmoja, wakiunganisha mambo: binti wa Riedel, glavu, Mwairishi. Uso uliniwaka. Sikushusha macho. Nilikuwa nimemwambia aache kuwaogopa, sasa ilikuwa zamu yangu.

Con aliniona. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kifundo cha kushoto, ukashika kifungo. Nikajua ndiyo mwisho, anavua. Nikaanza kumsamehe palepale, na palepale nikajua kwamba mlango nitaufunga.

Lakini vidole vyake vilikuwa vinakwenda upande mwingine. Kile kifungo kilikuwa kimefunguka nusu, naye alikuwa anakifunga. Alikifunga taratibu, mkono ameuinua juu mahali ambapo hata walevi wa nyuma wangeona, kwa vile vidole vyake vilivyopinda, na alipomaliza akakigonga kidogo kuhakikisha. Kicheko kikapungua. Kando yangu Baba alikuwa ameacha kupumua, au mimi nilisikia hivyo.

"Rudi kwenye kazi yako, Rafe," Con akasema. "Na urushe kweli. Leo usinihurumie."

Kisha akasogea mbele, karibu na mgongo wa mpigaji kuliko nilivyowahi kumwona mdakaji yeyote akisimama. Maana mpigaji akikosa mara ya tatu, hajatoka bado mpaka mdakaji aushike mpira kabla haujagusa ardhi. Ukimponyoka, mpigaji anakimbia, na yule wa kituo cha tatu anaingia nyumbani.

Rafe akarusha kwa hasira. Gongo likakata hewa. Nikasikia mpira ukitua kiganjani, kisha nikasikia kitu kikichanika, na mpira ukaruka juu kutoka mkononi mwake. Jukwaa zima lilishika pumzi. Con alijitupa mbele, mkono wa kulia ukatoka sijui wapi, akaubana mpira kifuani na kuanguka nao kifudifudi.

Alipoinuka, vumbi mdomoni, alikuwa nao.

Walewale waliomwita dada ndio waliorusha kofia juu. Sikuwajali. Rafe alikuja amefungua mikono, Con akampita, akavuka nyasi moja kwa moja mpaka kwenye kamba iliyo mbele ya jukwaa letu. Hakunitazama mimi kwanza. Aliuvusha mkono wa kushoto juu ya kamba na kumpa Baba.

"Mzee Riedel, leo tangu ile glavu ilipoingia, hakuna kidole kilichovunjika."

Baba alishuka. Akaushika ule mkono, akaugeuza juani vilevile kama siku ile jikoni. Alivuta ngozi, akanusa, akaingiza kidole chake mahali ambapo mshono ulikuwa umepasuka, kwenye shina la gumba.

"Nani alishona gumba hili?"

"Mimi, Baba."

"Umemshonea gumba la bibi anayeshika kikombe. Limelala ubavuni. Huyu anafungua kiganja chote. Gumba linatakiwa lisimame mbali, na hapa katikati paongezwe ngozi. Nimekufundisha hivi kweli? Umeshona lini kwa haraka namna hii?"

"Usiulize lini, August," Shangazi akasema.

Baba akamtazama dada yake, akanitazama mimi, akaelewa, akaamua kutoelewa. Kisha akamgeukia Con.

"Jumatatu uje karakana."

Con akavuta pumzi. "Mzee, kwa heshima yote, nilikwisha kukwambia. Ile meza ya kukatia—"

"Nani ametaja meza? Nataka kukupima mkono." Baba akaachia mkono wake, akavaa kofia. "Siwezi kuacha mkwe wangu atembee mbele za watu na gumba kama hilo. Watadhani sijui kazi."

Akageuka akaenda zake, Shangazi Walburga nyuma yake na kikapu, akimuuliza kwa sauti kama Waairishi wanakula kabichi.

Nikabaki na Con, kamba katikati yetu, na nusu ya Mill Ferry inatutazama. Alininyooshea ule mkono tu, nami nikakifungua kile kifungo mbele yao wote, nikaivuta glavu polepole. Vidole vyake vilikuwa na joto, vina jasho na chembe za sufu, navyo vikanishika vyote, hata kile kilichopinda.